Kweli au Si Kweli? Njia za Kijani Kutoka Mlimani Hadi Tana

Simama kwenye daraja la Rupingazi, pale unapokaribia kuingia mjini Embu ukitoka Nairobi, uangalie maji chini. Yalianza safari yake juu kwenye nyasi na mawe ya Mlima Kenya, yakapenya msituni, yakapita kando ya majani chai, kisha kahawa, kisha mahindi na migomba. Yakikuacha hapo darajani yanaelekea Mto Thiba, na Thiba huingia Kamburu, kwenye bwawa la umeme la Mto Tana. Kando ya safari hiyo yote kuna ukanda wa ardhi yenye unyevu. Mahali pengine ni mpana wa kutosha ndege na tumbili kuishi humo. Mahali pengine umeliwa na jembe mpaka maji yanapoanzia.

Ukanda huo ndio nitakaouzungumzia. Wapangaji wa ardhi huuita njia ya kijani: mstari wa mimea ulioachwa au kupandwa makusudi, unaounganisha msitu na msitu, mto na bonde, ili maji, wanyama na watu wapate kupita. Kila mara jambo hili linapotajwa Meru na Embu, iwe barazani kwa chifu au kwenye kikao cha kaunti, madai ni yale yale. Mengine ni ya kweli, mengine yanatuponza.

"Njia ya kijani ni bustani ya watu wa mjini."

Si kweli. Mwishoni mwa karne ya 19 mji wa Boston, Marekani, ulisumbuliwa na mto mchafu uliofurika mara kwa mara, Muddy River. Frederick Law Olmsted aliupangia kingo za miti na mabwawa ya kupokea mafuriko, kisha akauunganisha na bustani nyingine za mji mpaka zikawa mkanda mmoja. Watu walipata pa kutembea, lakini shida iliyoanzisha kazi ilikuwa ya maji. Kwetu shida ni hiyo hiyo, ukiongeza ndovu, nyuki, na mkulima mwenye nusu ekari.

"Ua wa umeme ukiuzunguka mlima, msitu umesalimika."

Nusu kweli. Ua una faida, na sitaidharau. Mtu aliyewahi kukesha shambani na tochi na debe akilinda mahindi yasiliwe na ndovu anajua thamani ya waya ule. Shirika la Rhino Ark na washirika wake walianza kuujenga mwaka 2012, mpango ukiwa wa kilomita 450 hivi kuuzunguka mlima.

Lakini hebu tuikumbuke mistari mingine iliyochorwa kuuzunguka mlima huu. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanavijiji kuchimba handaki la kilomita 80 hivi kwenye ukingo wa msitu, ili wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa ndani wasipate chakula kutoka kwa jamaa zao waliokuwa nje. Wazee wa Embu na Meru hawakuhitaji kusimuliwa habari hiyo. Mikono yao ndiyo iliyoshika sururu. Mwaka 1986 ulikuja mstari wa pili: Nyayo Tea Zones, ukanda wa majani chai wenye upana wa mita 100 hivi, uliokusudiwa kuzuia mashamba yasiendelee kuula msitu. Mahali pengine msitu wenyewe ulifyekwa ili chai hiyo ipate pa kupandwa. Kisha ukaja ua.

Mistari mitatu, nyakati tatu, nia tatu tofauti kabisa. Handaki lilikuwa dhuluma. Ua ni juhudi ya heri. Hata hivyo yote inafanana katika jambo moja: inakwenda mviringo kuuzunguka mlima, na kazi yake ni kutenga. Hakuna hata mmoja uliochorwa ili kuunganisha kilicho juu na kilicho chini.

Kutenga kuna gharama, na Embu tumeiona. Hifadhi ya Kitaifa ya Mwea, huko Mbeere Kusini kando ya Tana, ilitangazwa mwaka 1976. Ni kilomita za mraba 42 tu, na imezungushiwa ua. Ndani yake ndovu wametunzwa vyema, wamezaana. Hifadhi iliyopaswa kubeba ndovu 50 ikawa na 156, kwa hesabu ya Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS. Hawakuwa na pa kwenda, kwa hiyo walivunja ua na kuingia mashambani. Oktoba 2024 KWS ililazimika kuwadunga dawa ya usingizi ndovu 50 hivi, kuwapandisha kwenye malori na kuwapeleka Mbuga ya Aberdare. Kazi kama hiyo inahitaji helikopta, madaktari, kreni na malori. Hiyo ndiyo bei ya mahali palipopangwa vizuri ndani, bila mlango wa kutokea.

Kaskazini mwa mlima, upande wa Meru, waliwaza tofauti. Zamani ndovu walishuka kutoka Mlima Kenya hadi nyanda za Samburu na kurudi. Mashamba makubwa na barabara ya Nanyuki kwenda Meru vilipoikata njia hiyo, ndovu wakawa wanavunja ua ili wapite. Ikaamuliwa wapewe njia. Mashamba ya Marania na Kisima yalitoa ardhi, ua ukajengwa pande mbili, na ikapatikana njia ya kilomita 14 hivi kutoka msitu wa mlimani hadi msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa. Penye barabara kuu, karibu na Timau, kulijengwa kivuko cha chini: magari yapite juu, ndovu wapite chini.

Walikuwepo waliosema ndovu hatakubali kuingia kwenye shimo la saruji huku malori yakinguruma kichwani. Tarehe 1 Januari 2011 dume mmoja aliyepewa jina la Tony akapita. Wengine wakamfuata, na tangu hapo safari za ndovu zilizohesabiwa humo ni mamia. Ukiipita barabara hiyo mchana, na lori la viazi mbele yako, huenda usijue kuna kitu chini. Lakini udongo wa chini una nyayo pana kama sinia. Mwaka 2013 UNESCO iliupanua Urithi wa Dunia wa Mlima Kenya, uliokuwa kwenye orodha tangu 1997, ukajumuisha Ngare Ndare na Lewa. Bila kipande hicho kilichounganisha, maeneo hayo yangebaki vipande vilivyoachana.

"Barafu ya mlimani ikiisha, mito yetu itakauka."

Si kweli, na dai hili lina madhara kwa sababu linatufanya tutazame juu sana. Ni kweli barafu inakwisha: ile ya Lewis, kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza asilimia 90 hivi ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Anayeupenda mlima huu hawezi kuyatazama hayo bila huzuni. Lakini mchango wa barafu katika maji ya mito ni mdogo mno. Mito yetu hulishwa na mvua zinazoletwa na upepo kutoka Bahari ya Hindi, zinazogonga miteremko ya mashariki na kusini. Upande wa juu wa Embu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hayo hushikwa na msitu na nyasi za mwinuko, yakanywewa na udongo, yakatolewa taratibu miezi ya kiangazi. Udongo ukiwa uchi, maji hayashikwi. Hushuka siku ile ile, yamebeba rutuba, na kesho kijito kina kokoto tu. Kwa hiyo mto wako hautauliwa na barafu iliyo mita 4,000 na zaidi juu ya bahari. Utauliwa na kinachofanyika mita sita kutoka majini.

"Mandhari ya mlima imekuwa hivi tangu enzi na enzi, tuiache ilivyo."

Si kweli, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha mambo.

Kwenye mteremko wa kaskazini mashariki, ndani ya msitu wa upande wa Meru, kuna ziwa dogo ambalo watafiti hulijua kama Sacred Lake, Ziwa Takatifu. Liko juu kidogo ya mita 2,300. Miaka ya 1960 mtaalamu wa chavua kutoka Afrika Kusini, J. A. Coetzee, alichunguza tope lililolala chini yake. Chavua za maua ya kale hubaki kwenye tope kwa maelfu ya miaka, tabaka juu ya tabaka, kama kumbukumbu za koo zilizoandikwa. Alichokikuta ni kwamba enzi za baridi kuu mikanda ya mimea ya mlimani ilikuwa imeshuka kama mita 1,000 kuliko ilivyo leo. Mahali penye msitu mkubwa sasa palikuwa na vichaka vya baridi kama vilivyo karibu na vilele. Dunia ilipopata joto, msitu ukapanda.

Msitu, basi, hutembea. Mti mmoja hauendi popote, lakini kizazi baada ya kizazi mbegu huanguka juu zaidi au chini zaidi, na msitu wote huhama. Dunia inapata joto tena, safari hii kwa kasi, na mimea inatafuta kupanda. Hata mazao yanapanda: uchunguzi wa mwaka 2011 wa kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT ulikadiria kwamba eneo linalofaa zaidi kwa chai nchini Kenya, wakati huo kati ya mita 1,500 na 2,100, litasogea hadi kati ya mita 2,000 na 2,300 kufikia 2050. Huko juu chai itamkuta nani? Itakutana na msitu. Mkulima wa chai wa leo hana kosa, lakini mjukuu wake atausukuma ua ule kutoka nje huku joto likiusukuma msitu kutoka ndani.

Ndiyo maana nasema mkanda wa mviringo hautoshi. Nyuki, ndege na mbegu zinahitaji ngazi ya kupandia na kushukia. Embu ina bahati ambayo kaunti chache duniani zinayo: inaanzia kwenye mita 500 hivi kandokando ya Tana na kukwea hadi karibu na vilele vya mlima wenye mita 5,199. Na ngazi zenyewe zipo, zilichongwa zamani sana: Rupingazi, Kapingazi, Ena, Thuci, na kule Meru, Kathita. Mito hii inakata kila mstari wa mviringo uliowahi kuchorwa. Inapita chini ya ua, inapita katikati ya chai, inafika hadi nyika ya Mbeere na Tharaka. Mpangaji anayetafuta njia ya kijani asianze na rula, aanze na mto.

"Ukingo wa mto ukiwekwa kwenye mpango, serikali imechukua shamba lako."

Si kweli kisheria. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilisema wazi kwamba kuutambua ukingo wa mto hakubadilishi umiliki wa ardhi. Kunadhibiti matumizi yake. Upana uliowekwa na kanuni hizo ulikuwa sawa na upana wa mto wenyewe, lakini si chini ya mita 6 wala si zaidi ya mita 30, kila upande. Katika ukanda huo hulimi, hufyeki miti ya asili, hujengi nyumba ya kudumu, hutupi taka, huchimbi mawe, wala hupandi mimea ya kigeni inayodhuru maji. Hatimiliki inabaki na jina lako.

Hata hivyo hofu ya watu si ya kupuuzwa. Fanya hesabu. Mtu ambaye shamba lake limegusana na kijito kwa urefu wa mita 50, akiacha mita 6, ameacha mita za mraba 300. Kwenye ekari mbili hilo ni dogo. Kwenye nusu ekari aliyorithi baada ya ndugu wanne kugawana, ni karibu sehemu moja ya saba ya mali yake yote, na mara nyingi ndiyo sehemu yenye rutuba kuliko zote. Hapo ndipo penye nduma za karo ya shule. Ukimwambia aache bila kumpa cha kushika badala yake, umemtwika mzigo wa Tana nzima, pamoja na umeme wa Nairobi, mabegani mwake peke yake.

Njia za kumfidia zipo na zimejaribiwa hapa hapa. Mradi wa Mount Kenya East Pilot Project, uliofadhiliwa na IFAD na kuendeshwa kutoka Embu kuanzia 2004, ulifanya kazi kwenye mito mitano, Kapingazi, Ena na Kathita ikiwemo, kupitia vyama vya watumiaji maji. Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, kwa hoja nyepesi kueleweka: wanaokunywa maji chini wasaidie kugharimia udongo usiporomoke juu. Meru nako maelfu ya wakulima wa vikundi vya TIST hupanda miti na kulipwa kwa hewa ya kaboni inayohifadhiwa. Malipo hayo ni madogo na huchelewa, na wakulima wana haki ya kulalamika. Lakini msingi ni sawa: anayetunza ukingo anafanya kazi, na kazi hulipwa. Hata bila mradi, ukingo usiolimwa si ukingo usioleta kitu. Unatoa majani ya ng'ombe ya kukata, mizinga ya nyuki, dawa, kuni za matawi, na zaidi ya yote shamba lisilomegwa na maji kila masika.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalitukumbusha hilo kwa ukali. Serikali iliwaamuru watu waishio mita 30 kutoka mitoni wahame. Kipimo kilichoonekana ni cha wanamazingira tu kikawa kipimo cha kuokoa maisha.

"Mkaratusi ni adui, ung'olewe wote."

Nusu kweli. Wakikuyu waliupa jina munyua maai, mnywaji wa maji, na jina halikukosea. Ingia chini ya mikaratusi iliyopandwa kando ya kijito mwezi wa Septemba. Majani makavu yanavunjika chini ya kiatu kama ganda la yai. Hakuna jani bichi la kumpa mbuzi, udongo umepasuka, na maji yamesogea katikati ya mkondo kama yanayokimbia. Kisha panda hatua mia hadi palipobaki mukuyu mmoja wa zamani. Mizizi yake imeukumbatia ukingo, udongo ni mweusi na baridi mkononi, na kivulini kuna ndege.

Sababu si uchawi. Mkaratusi hukua haraka mwaka mzima, na mbao hujengwa kwa maji. Mizizi yake huyafuata yaliko. Afrika Kusini imekuwa ikiondoa miti ya kigeni kando ya mito tangu 1995 kupitia mpango wa Working for Water, ili mito ipate nafuu. Kwetu, mwaka 2009, waziri wa mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye kingo na maeneo chepechepe. Agizo lilitekelezwa hapa na kusahauliwa pale.

Lakini viwanda vya chai vya Mungania, Rukuriri na Kathangariri hukausha majani kwa moto wa kuni. Wasipochoma mkaratusi watachoma nini? Mti wa asili uliochukua miaka 80? Mkaratusi uliopandwa mgongoni mwa kilima, mbali na chemchemi, unauokoa msitu wa asili. Kosa ni la mahali. Na anayeukata ukingoni asikate yote kwa siku moja akaacha ukingo uchi. Akate kwa awamu, avunje machipukizi ya visiki, na kila penye kisiki apande mukuyu, muringa au muuru.

"Asilimia ya miti ikifikiwa, tumemaliza."

Si kweli. Katiba, ibara ya 69, inataka angalau asilimia 10 ya ardhi ya Kenya iwe na miti. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2021 ilikuta asilimia 12.13. Lakini hesabu hiyo hiyo ilikuta misitu ni asilimia 8.83 tu. Sehemu ya tofauti ya namba hizo mbili iko mashambani mwetu: ni mgrivea wa mpakani, ambao wengine huuita mukima na wengine mubariti, ulioletwa kutoka Australia kuipa kivuli chai na kahawa na ambao sasa unapamba kila kilima cha Embu na Meru. Ni mti mwema. Unapogolewa kila mwaka, unatoa kuni na mbao, maua yake hulisha nyuki na chozi. Lakini hauzai tunda la hondohondo, na safu ya mgrivea iliyokatika kila penye nyumba haiunganishi chochote.

Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa sikukuu ya kupanda miti, kwa lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032. Nilifurahi kuona watoto na miche mikononi. Ningefurahi zaidi kama kila mche ungeulizwa: unaunganisha nini na nini? Miche mia iliyopangwa ukingoni mwa Kapingazi kutoka shamba hadi shamba ina faida kuliko elfu iliyotawanywa penye nafasi.

"Vichaka vya wazee ni ushirikina, havina nafasi kwenye ramani."

Si kweli hata kidogo. Karibu na Runyenjes kuna kichaka cha Mwenendega, ambaye Waembu humtaja kuwa ndiye baba yao wa kwanza. Nchiru, Meru, ni makao ya wazee wa Njuri Ncheke. Mbeere ilikuwa na vichaka vitakatifu vingi. David Brokensha na Bernard Riley, waliotafiti huko kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chao mwaka 1988, walieleza jinsi vilivyopungua ardhi ilipopimwa na kupewa watu binafsi. Mwiko haukuandikwa kwenye hatimiliki.

Imani ya wazee si lazima uifuate ili uone kilichofanyika. Kwa vizazi vingi walihifadhi visiwa vya miti ya asili katikati ya mashamba, bila senti ya serikali. Mugumo mmoja ukizaa, ndege na popo hula tunda na kuidondosha mbegu maili kadhaa mbele. Kichaka cha robo ekari ni kituo cha safari, na vituo vikikaribiana ndiyo njia yenyewe. Mpangaji anayekuja Embu au Meru na ramani ya satelaiti angekaa kwanza na mzee mmoja kwa alasiri moja.

"Miraa imeumaliza uoto wa Nyambene."

Si kweli kama inavyosemwa. Pana hoja nzito juu ya kutafuna miraa, na mimi si mtetezi wake. Lakini miraa ni mti wa asili wa vilima vya Nyambene, huko Meru, na Igembe na Tigania wana mashina mazee waitayo mbaine, mengine yakiwa yametunzwa zaidi ya miaka mia, chakula kikimea katikati yao. Uholanzi ilipofunga soko lake 2013 na Uingereza 2014, kilichotikisika ni mandhari nzima inayotegemea bei ya mti mmoja. Hilo ndilo la kuogopa.

"Mbeere ni kame, hakuna cha kupanda."

Si kweli. Kuna mukau. Ni mti wa nyika ya kwetu, mbao zake huogopwa na mchwa, na unamea pasipomea mgrivea. Ugumu wake uko kwenye mbegu, iliyofungwa ndani ya kokwa gumu ambalo lazima lipasuliwe kwa uangalifu bila kuijeruhi. Mbuzi hula tunda na kuliacha kokwa zizini, na watu hulikusanya hapo. Ngazi ya Rupingazi na Ena isiishie kwenye kahawa wakati chini kuna mti kama huu.

"Mpango ni kazi ya wataalamu, mwananchi hana nafasi."

Si kweli. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi, na wananchi washirikishwe. Sheria ya misitu ya 2005 ilivipa nafasi vyama vya jamii vya kutunza misitu, na ile ya maji ya 2002 vyama vya watumiaji maji. Ukiishi kando ya mto, huenda chama chako kipo na hujawahi kuhudhuria mkutano.

Nenda. Tangazo la kikao likibandikwa kwa chifu, usiwaachie wachache wa siku zote. Omba ramani ifunguliwe mezani, si muhtasari wake. Weka kidole penye shamba lako, ufuate mto kwenda juu hadi msituni na kwenda chini hadi Tana, uone rangi ya kijani imekatikia wapi na kwa nani. Ikiwa imekatikia kwako, sema unahitaji nini ili uiunge. Ukiambiwa ramani si ya kuonyeshwa watu, taja ibara ya 35 ya Katiba: kila raia ana haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali.